Meno ya Eufrasia Si Trekta la Kijiji

Eufrasia anaolewa! Anaolewa, Januarius, anaolewa kanisani, mbele ya padri na mbele ya hao hao waliosema hataolewa, na atakuwa na meno mdomoni, meno ya juu yote, meupe, yamejipanga kama punje za hindi la mbegu! Nimekupa habari hiyo kwanza kabla hujakunja uso, maana najua ukiona mwandiko wangu pale ofisini huwa unamwambia karani aiweke barua chini ya nyingine.

Sasa turudi kwenye adabu.

Kijiji cha Ujamaa Mwakilunga,
Njia ya Lagangabilili,
Wilaya ya Bariadi.
Juni, 1976.

Kwako Ndugu Katibu wa Chama huko Shinyanga, ambaye pia ni mdogo wangu niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukachukua umbo lake,

Mwangaluka, ikiwa ni asubuhi. Kama barua imekufikia jioni, basi mwadila. Sisi huku ni wazima, ng'ombe wazima, pamba tunachuma mpaka vidole vinakataa kushika kijiko. Nakuandikia kama raia kwa kiongozi wake. Dada kwa mdogo wake atakuja baadaye, kwenye salamu.

YAH: MENO YA MTOTO WANGU KUFANYWA MALI YA KIJIJI

Ndugu Katibu, nalalamika kwa heshima zote za Chama na kwa elimu yangu ya Darasa la Nne la misheni, ambalo kila mwenye akili anajua ni sawa na Darasa la Saba la siku hizi na chenji inabaki. Nitaweka malalamiko kwa namba ili usipotee.

1. Nalalamikia kidonge.

Unaujua ugonjwa wa Eufrasia, ule wa kuanguka. Alianguka kisimani, akaanguka shambani, akaanguka jikoni, na kovu la mkono wake wewe mwenyewe ulilipaka mafuta ya samli. Basi masista wa misheni wakatupatia vidonge vyeupe, kimoja asubuhi kimoja jioni, na tangu hapo mwanangu hajaanguka. Hajaanguka kabisa! Hata siku ile mbuzi wa jirani yangu Felisita alipoingia kanisani katikati ya mahubiri akala maua ya altare, watu wazima wakaanguka kwa kucheka, katekista akaanguka, Eufrasia peke yake akabaki amesimama wima. Nikawaambia walio karibu, "Mnaona? Mnaona nani anaanguka sasa?"

Lakini kidonge kile, Ndugu Katibu, ni kama mgeni aliyekusaidia kupalilia halafu akaondoka na jembe. Fizi za mtoto zilianza kuota. Zilipanda juu ya meno kama mchwa wanavyojenga juu ya kisiki, mpaka meno yakabaki yanachungulia. Kisha yakalegea, yakaanza kuelekea kila upande kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Damu kila akipiga mswaki. Tulipofika kwa daktari akasema ni dawa ndiyo imefanya hivyo: imemlinda kichwa, imemwonea mdomo. Wakambadilishia vidonge, wakapunguza zile fizi, na meno ya juu yakang'olewa yote, maana hayakuwa na pa kushika.

Mimi ni mwanamke wa kusema, wewe unanijua, lakini miezi ile niliacha maneno nikashika mchi. Nilimpondea nyama kwenye kinu. Nilimsagia karanga. Michembe, viazi vyetu vikavu vinavyolia mdomoni kama changarawe, alikuwa anavimumunya tu kama mtoto anayeota meno, na yeye meno yalikuwa yameondoka. Akiongea anaziba mdomo kwa pindo la khanga. Na kucheka akaacha. Januarius, yule mtoto tulikuwa tunamsikia akicheka kutoka ng'ambo ya mbuga, watu wananiita mama, "Mayu, mwanao amerudi!" kabla hajaonekana. Akaacha. Nyumba ikawa kama redio iliyoishiwa betri.

Ndipo alipotokea Masele. Huyu ndiye bwana harusi, kijana anayelima kwa plau, mtoto wa watu wanaojiheshimu. Alikuja kuomba kuazima nira, akakuta tunakula. Eufrasia akageuza uso ukutani. Masele ana meno yake yote, anaweza kuvunja mfupa wa goti la ng'ombe. Akaiangalia michembe ya Eufrasia iliyolowekwa kwenye maji moto, akachukua ya kwake akailoweka vile vile, akaimumunya polepole kama babu. Nira ile tulimpa. Kesho yake akarudi kuomba nira nyingine, na ng'ombe wake ni wawili tu. Nikasema moyoni, Domitila, pika chakula kingi.

2. Nalalamikia shukrani.

Padri akaja na habari kwamba Mwanza yuko fundi anayetengeneza meno. Kijiji kikakubali sehemu ya pamba ya shamba la kijiji iende kwenye meno hayo, na Mwenyekiti wetu, Ndugu Salu, akaandika barua ya kututambulisha. Tuliporudi, Eufrasia akashuka kwenye lori akafungua mdomo mbele ya watu wote. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, meno haya ni ya kijiji kizima!"

Mimi nilikuwa nashukuru. Wenzangu walisikia nakabidhi.

3. Nalalamikia hotuba ya Mwenyekiti.

Ndugu Salu unamkumbuka. Wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini alikuwa anamsukuma ng'ombe wake ahame kwa hiari, na ng'ombe yule, ambaye hakuwahi kuhudhuria semina hata moja, akampiga teke la mdomo. Meno ya mbele ya juu yakaenda, na ya nyuma hayakukawia kuyafuata. Tangu hapo Mwenyekiti akihutubia, walioko mstari wa mbele wanakaa na miavuli.

Basi wiki moja tu baada ya meno kufika, kukawa na mgeni kutoka wilayani. Ndugu Salu akaja kwangu jua halijatoka, kofia mkononi, mpole kama ndama. "Mayu, naomba kuazima meno ya Eufrasia nusu siku tu. Mgeni hawezi kupokelewa na pengo. Ni aibu ya kijiji, si yangu." Nikaona aibu ya kijiji ni aibu yangu pia. Nikampa.

Hayakumkaa. Mdomo wa Eufrasia ni mdogo, mzuri, wa upande wetu. Akayasindilia pamba, na pamba huku hatuna shida nayo. Akasimama. "Uhuru" ilipita vizuri. "Umoja" ikapita. Alipofika kwenye kilimo cha kufa na kupona, meno yakaruka, Ndugu Katibu, yakaruka kama panzi, naye akayadaka hewani kwa mkono mmoja kama golikipa, akayarudisha, akaendelea na hotuba. Mgeni akapiga makofi. Nadhani alifikiri ni utamaduni wetu.

Nilicheka siku hiyo, sitakuficha. Lakini Eufrasia alikuwa nyuma ya umati, khanga mdomoni.

4. Nalalamikia Elimu ya Watu Wazima.

Mwalimu Constantine, anayefundisha darasa la jioni, alikuwa na tatizo la wazee. Alikuwa amefika kwenye fa, fe, fi, fo, fu, na wazee wasio na meno wakitamka inatoka hewa tu. Akaja akasema mkaguzi anakuja, na kwamba meno ni zana ya kufundishia, kama ubao. Neno "zana" likanishinda, nikatoa. Meno yakapita mdomo kwa mdomo, kila mmoja anasuuza kwenye bakuli, anasema fa, anampa mwenzake. Mzee wa mwisho alikataa kuyavua. Akasema tangu ayavae anajisikia msomi, na wamwache kwanza amalize kujisikia. Ilibidi wamletee ugoro apige chafya.

Sasa niulize kwa adabu: wewe ulipokwenda kusoma, ulivaa meno ya nani?

5. Namba tano nimeiruka kwa hasira. Nikitulia nitaijaza.

6. Nalalamikia Felisita.

Felisita ni jirani yangu, mwenye mbuzi yule wa maua, na ni mwenzangu wa kwaya. Kuna siku nilikuwa shambani, akaja akamwambia Eufrasia, "Mwanangu, nakwenda arusini Mwandoya, wataniona sina meno watasema huku tunateseka." Eufrasia ana moyo laini, hilo amelitoa kwa baba yake. Akayavua akampa.

Januarius, meno ya mwanangu yalifika Mwandoya kabla mwanangu mwenyewe hajafika Mwandoya! Yalikaa huko arusi nzima. Yalikula nyama ya kuchoma, yalikula wali, na yaliporudi yalikuwa na uzi wa nyama umekwama katikati, na Eufrasia wakati huo alikuwa anakunywa uji. Nilipomuuliza Felisita, akasema bila haya, "Lakini niliwaambia watu wote kule kuwa ni ya Eufrasia." Kama vile hiyo ni faida!

7. Nalalamikia usafi.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya tulifundishwa kuchemsha maji. Mke wa Mwenyekiti, ambaye alipata cheti kwenye somo hilo, akaona kitu kinachopita midomo mingi kinahitaji kuchemshwa. Niliingia jikoni kwake kuomba moto nikakuta sufuria iko mekoni, inatokota, na meno ya mwanangu yako kwenye kijiko yanasubiri zamu kama mhalifu. Niliyanyakua! Yule fundi alituambia kwa kinywa chake mwenyewe, maji ya moto yatayapinda. Angeyachemsha yangekunjamana kama kiatu kilichonyeshewa, na leo nisingekuwa naandika barua hii, ningekuwa mahabusu.

8. Nalalamikia azimio.

Hapo nikayafunga meno kwenye kitambaa nikayaweka nyumbani, nikatangaza kisimani kwamba kuazima kumekwisha. Jumapili hiyo hiyo ukaitishwa mkutano. Ndugu Salu akasimama, bila meno, na sisi wa mbele tukajifunika. Akasema mambo yafuatayo, nakuandikia bila kupunguza. Kwamba meno yametokana na pamba ya shamba la kijiji. Kwamba mama yake Eufrasia alitamka hadharani kuwa ni ya kijiji kizima. Kwamba mtu mmoja kumiliki meno ya juu yote wakati wazee wa kijiji hawana hata jino moja la kufungulia kifundo ni ubepari. Na kwamba kuanzia siku hiyo meno yatakaa kwenye godauni la kijiji, chini ya uangalizi wake, na yatatolewa kwa zamu, kama trekta.

Watu wakapiga makofi, Januarius. Watu niliowazalisha watoto wao!

Nikasimama. Nikasema, Ndugu Mwenyekiti, mnyonyaji ni yule asiyekuwa na meno. Mwenye meno anatafuna jasho lake mwenyewe. Wakacheka lakini hawakubadili. Nikasema, na hilo trekta unalolitaja liko wapi? Liko nyuma ya godauni tangu mwaka juzi, halina betri, na kuku wangu wawili wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mtu akitaka kujua mali ya wote inatunzwaje, asimuulize mwalimu wa siasa, amuulize kuku. Hapo nikaambiwa nikae chini, na nikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kama "bepari wa meno". Nilikaa chini kwa heshima, lakini nilikaa kwa kishindo.

Meno yako godauni sasa hivi, Ndugu Katibu. Yako kwenye kopo la maziwa ya unga, kati ya mabomba ya kupulizia dawa ya pamba na majembe mabovu.

9. Hii ndiyo yenyewe. Kama una kazi nyingi, soma hii.

Arusi ya Eufrasia ni Jumamosi inayofuata Sabasaba. Padri ameiandika kitabuni, na Mustapha wa Bariadi mjini, yule mwenye duka na kamera, amekubali kuja kupiga picha. Na Ndugu Salu amejiwekea zamu ya meno siku hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo siku ya kufungua msimu wa ununuzi wa pamba na anahutubia.

Nilimwendea nikamwambia, baba, chagua siku nyingine ya kuwa na meno. Akaniambia, "Mayu, arusi ni jambo la watu wawili. Pamba ni uchumi wa taifa." Na Masele alipokwenda kumwomba kiume, akaambiwa, "Kijana, wewe unaoa mke au unaoa meno?" Masele akarudi, akakaa, akaniuliza kama kuna michembe.

Ndugu Katibu, mimi siwezi kumjibu Mwenyekiti kwa siasa, lakini hesabu za Darasa la Nne ninazo. Kama meno ni ya kijiji, basi tufuate mstari huo mpaka mwisho wake, tusiishie pale panapomnufaisha mtu mmoja.

Kama meno ni ya kijiji, fizi nazo ni za kijiji. Basi kila mwanakijiji aje nimkwaruze fizi mpaka itoke damu, kuanzia na wajumbe wa halmashauri.

Kama fizi ni za kijiji, vidonge ni vya kijiji. Kengele ipigwe asubuhi pale ofisini, watu wapange mstari, kila mmoja ameze chake, na jioni tena, miaka yote, bila kuruka, hata siku ya mvua, hata siku ya ngoma.

Na kama vidonge ni vya kijiji, basi kuanguka nako ni kwa kijiji. Kupangwe zamu. Jumatatu aanguke Ndugu Salu kisimani. Jumanne aanguke Felisita jikoni, karibu na moto, na mwanangu asimame pembeni aseme maskini, maskini. Wapangiane zamu ya kukataliwa kucheza na wenzao. Zamu ya kusikia watu wakinong'ona kwamba usishike kata aliyonywea yule. Na mama mmoja awekewe zamu ya kukaa macho na mkono juu ya kifua cha mtoto, anasikiliza kama kinapanda na kushuka. Zamu hiyo nimeishika mimi peke yangu, na sikuona mtu akija kuiazima.

Nisamehe, hapo kalamu imeteleza. Karatasi imelowa kidogo, ni jasho.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu mkubwa:

Kwanza, utoe amri yenye mhuri, na mhuri uwe ule mkubwa, kwamba meno ya Eufrasia yatolewe kwenye kopo yarudi mdomoni kwake, na kwamba meno ni ya mdomo mmoja tu hapa duniani. Meno ni kama mume, hayaazimwi hata kwa jirani mwema.

Pili, Serikali imtafutie Ndugu Salu meno yake mwenyewe. Simchukii. Ni mtu mzuri akiwa amefunga mdomo. Na kama fedha hakuna, basi gharama iwe juu ya ng'ombe yule aliyempiga teke, ambaye bado yuko hai na amenenepa.

Tatu, itungwe sheria inayosema mama akishukuru hadharani maneno yake yasitumike dhidi yake.

Nne, Masele apewe barua ya pongezi kutoka ofisini kwako. Haijalishi ya nini. Watajua wenyewe.

Na usije ukafikiri natetea tumbo langu. Mimi mwenyewe, mama mzazi, ambaye meno yangu ya juu yaliondoka moja moja na kila mtoto niliyemzaa, sijayavaa meno yale hata mara moja. Hata kuyaweka mdomoni mbele ya kioo sijaweka. Nilikuwa nayaosha, nayafuta, nayatazama, nayarudisha kwenye kitambaa. Kijiji kizima kimeonja, mimi sijaonja. Hapo ndipo utajua nani ana msimamo katika familia yetu.

Naijaza na ile namba tano sasa, hasira imepungua: nalalamika kwamba siku Eufrasia alipoyavaa mara ya kwanza, kule Mwanza, fundi akampa kioo, akajitazama, akacheka. Alicheka kile kicheko chake, fundi akadondosha koleo. Na tangu hapo nimekisikia mara chache kuliko idadi ya watu walioyavaa meno yale. Ni hilo tu. Si lalamiko hasa, lakini sikuwa na pa kuliweka.

Msalimie shemeji yangu, mwambie ile blauzi aliyonipa nitaivaa siku hiyo hata ikinibana. Wasalimie watoto, na yule mdogo aache kunyonya kidole, meno yataota kombo, na sisi kwenye ukoo huu hatuwezi kuchezea meno. Msalimie karani wako aliyeiweka barua hii chini ya nyingine. Wasalimie majirani wote wa Shinyanga wanaonijua, na wasionijua waambie watanijua. Huku Felisita anakusalimu. Ananiuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia nakuandikia habari za mvua. Masele anakusalimu, anakuita mjomba tayari. Eufrasia anakusalimu, yuko hapa anachambua pamba, nitamsomea sasa hivi nikimaliza.

Ni mimi dada yako, mwenye haki na mwenye hasira, lakini furaha imezidi vyote viwili,

Domitila,
mama wa bibi harusi
(na bepari wa meno kwa mujibu wa kumbukumbu za mkutano).

N.B. Januarius, usipige mhuri kwanza.

Nimemsomea Eufrasia barua yote, na Masele alikuwa amekuja kuazima nira. Nilipofika pale meno yaliporuka kama panzi, Eufrasia akaanza. Alicheka, Januarius! Alicheka mpaka pamba ikamwagika, ndama wakageuka, na Felisita akaita kutoka kwake, "Kuna nini huko?" Alicheka mdomo wazi, fizi zote nje, na khanga ilikuwa begani, hakuigusa. Nami nilimtazama nikasahau nilikuwa nasoma nini.

Alipopata pumzi akasema, "Mama, yaache meno. Yale yamekwisha kuwachekea watu wengi mno. Siku ile nitacheka bila hayo, nataka wajue ni mimi ninayecheka." Nikamgeukia Masele ili amkataze. Masele akasema yeye aliposa akiwa anamwona hivyo hivyo, na akitokea mwingine kanisani mwenye meno meupe anaweza asimtambue. Kisha wakacheka wote wawili, na mimi sikuwa na wa kumlalamikia.

Kwa hiyo siku ya arusi meno yatakuwa hayana mtu. Nimelifikiria jambo hili kwa dakika kadhaa, kizalendo, na nimeona zamu si mpango mbaya kama zikipangwa na mtu mwenye busara. Ndugu Salu ayavae asubuhi kwenye hotuba ya pamba. Akimaliza ayasuuze, ayalete kanisani kabla ya misa, kwa sababu Mustapha anakuja na kamera na mama wa bibi harusi hawezi kupigwa picha akiwa na pengo. Ni aibu ya kijiji, si yangu. Nitayasindilia pamba kidogo tu. Jioni Felisita anaweza kuyachukua kwa ajili ya nyama. Badala ya ile amri, basi, tuandikie kibali cha zamu hizo tatu, na mhuri uwe ule ule mkubwa. Meno ya chini nitajitegemea.

Na wewe mjomba mtu uje, na shemeji, na watoto, na karani, na yeyote atakayekuwa kwenye lori. Hakuna atakayezuiwa mlangoni, awe na meno awe hana. Michembe tutailoweka mingi. Misa ni saa nane mchana, Jumamosi, tarehe kumi Julai.